Lwiro, Idjwi na siri ya muhogo

Wengi wetu tunaijua Lwiro, kule Kabare, kwa sababu ya sokwe yatima tu. Lakini IRSAC, taasisi ambayo Wabelgiji walianzisha mwaka 1947, ilichunguza pale hata mwili wa mwanadamu.

Miaka ya 1960 watafiti, kati yao daktari François Delange, walifanya kazi Idjwi. Kaskazini mwa kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo. Kusini-magharibi, wachache tu. Na ayodini ilikuwa haba pande zote mbili! Walipima chakula kimoja kimoja, na mwaka 1971 wakatangaza: ni muhogo. Sumu yake isipotoka vizuri, mwili huigeuza kuwa kitu kinachozuia ayodini kuingia katika tezi ya shingo.

Mama zetu hawakungoja maabara. Waliloweka muhogo siku tatu ao ine, kisha wakauanika. Lakini kambini, maji ni ya kupigania na watoto wanalia njaa, nani atangoja siku hizo? Wanaowagawia wahami wa vita unga, wawagawie na chumvi yenye ayodini.