Saa Kabla ya Kalamu

Wabenediktini waliofika Pugu, njia ya Kisarawe, mwaka 1888, walishika Kanuni ambayo sura yake ya 48 hupanga saa za kazi ya mikono na za kusoma. Misheni yao iliharibiwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri.

Kwenye vilima hivyohivyo Mwalimu Nyerere alifundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko. TANU, iliyozaliwa 7 Julai 1954, ilimdai saa zote za baada ya darasa. Aliposhinikizwa achague, mwaka 1955 aliacha ualimu. Misa ya kila siku hakuiacha, hata alipokuwa Rais. Nadhani aliyeanza siku altareni huifikia karatasi akiwa na mawazo yaliyotulia. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963. Mabepari wa Venisi, 1969.