Mathembo: Misitu ya Ibada katika Vilima vya Kitui na Makueni

Kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya zinajulikana kwa ukame, lakini vilima vyake, kama vile Mbooni, Kilungu na Nzaui upande wa Makueni, na Mutitu na Endau upande wa Kitui, hupata mvua na ukungu zaidi kuliko nyanda zinazovizunguka, na ndiyo maana vimehifadhi misitu yenye miti ya aina nyingi. Humo, na hata kando ya mashamba, Wakamba walitenga mathembo (umoja wake ni ithembo), yaani vichaka vya ibada ambamo walitoa sadaka kwa aimu, mizimu ya wazee wao, na kumwomba Mulungu mvua na afya.

Mti mkuu wa ithembo aghalabu ulikuwa muumo, wa jamii ya mikuyu, ambao Wakikuyu huuita mugumo. Ndege huangusha mbegu yake juu ya tawi la mti mwingine, ikaota huko huko na kuteremsha mizizi hadi ardhini, na miaka inavyopita mizizi hiyo huungana ikaukaba mti ulioibeba, hata likabaki shina moja pana lenye mikunjo. C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu Wakamba mwaka 1910, na Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, waliandika habari za mathembo, ambako wazee waliopewa jukumu la ibada walipeleka nafaka, pombe na mbuzi. Mvua ilipokawia, wanawake wazee walicheza kilumi, ngoma ya kuwaridhisha mizimu.

Mwiko ulikataza kukata mti wa ithembo, na aliyeuvunja aliaminika kuiletea jamii nzima balaa. Hivyo miti mikubwa ilidumu bila askari wala uzio. Mabadiliko yalifika hata Nzaui, kilima ambacho masimulizi hukitaja kuwa ndipo Mulungu alipowashusha Wakamba wa kwanza, na ambako shirika la wamisionari la Africa Inland Mission lilifungua kituo chake cha kwanza mwaka 1895. Mafundisho ya Kikristo yaliifanya ibada ya mathembo ionekane ya kipagani, huku serikali ya kikoloni ikiyaweka mamlaka ya misitu mikononi mwa maofisa wake na kuleta miti ya mbao ya kigeni, ukiwemo mkaratusi kutoka Australia.

Leo vilima hivyo huvutia wapandaji milima, na sheria ya misitu ya mwaka 2016 inazipa jamii nafasi ya kushiriki katika usimamizi wa misitu kupitia vyama vyao. Yafaa serikali za kaunti ziwashirikishe wazee kabla ya kuchora njia za wageni, na mgeni naye aombe ruhusa kabla ya kuingia chini ya muumo, kwa kuwa miti hiyo haikusalia kwa bahati, bali ililindwa na watu walioiheshimu.