Kigari cha gofu, pikipiki, na sheria inayokuja nyuma



Uvira hatuna uwanja wa gofu. Hata hivyo leo nawaletea historia ya kigari cha gofu, maana inatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1865 Uingereza ilitunga sheria juu ya magari ya mvuke. Ndani ya mji yasipite maili 2 kwa saa, yaani kilomita 3 na kidogo, na mtu atembee kwa miguu mbele ya gari akishika bendera nyekundu. Ilifika 1896 ndipo magari mepesi yakaondolewa sharti la mtu wa kutangulia. Miaka 31! Muda wote ule sheria ilikuwa inalinda barabara ya farasi.

Kigari cha gofu nacho kilitengenezwa kwa kubeba wachezaji uwanjani, polepole, bila vioo wala mikanda. Lakini kule Marekani, hasa kwenye miji ya wastaafu, wazee wakaanza kukitumia kwenda dukani. Sasa polisi afanye nini? Kama ni gari, mbona halina vifaa vya gari? Kama si gari, linatafuta nini barabarani?

Mwaka 1998 serikali yao ikaunda aina mpya: chombo cha mwendo mdogo, magurudumu 4, kinachoweza kupita kilomita 32 kwa saa ila kisizidi 40. Kikitaka barabara, kiwe na taa, vioo, breki ya kuegeshea na mikanda. Vile vya polepole zaidi viliachiwa majimbo na miji ipange yenyewe. Kwa hiyo walipima mambo matatu: mwendo gani, vifaa gani, barabara gani.

Turudi kwa majirani. Tanzania, mwaka 2010, ilitoa kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji. Bujumbura, hapa tu ng'ambo ya Kavimvira, ilichagua njia nyingine: mwezi wa tatu 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilikatazwa katikati ya mji. Sababu iliyotolewa ni ajali. Ajali ni kweli zinaua, sibishi. Ila zilisukumwa zote pembeni, nzima na mbovu pamoja, na mwenye pesa kidogo akabaki kutembea kwa miguu.

Na sisi je? Sheria yetu ya barabara ni namba 78/022 ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Barabara ya taifa namba 5 inapita katikati ya mji wetu, mlima upande huu, ziwa upande ule. Lori la kwenda bandari ya Kalundu, pikipiki yenye abiria 2 na mtoto katikati, baiskeli yenye magunia, mama mwenye beseni la ndagala kichwani: wote njia ni hiyo hiyo moja. Na kati ya wamotari hao wamo wenzetu wa rika langu, watu wenye lisansi, wanaoendesha ili nyumbani pawe na chakula.

Ndiyo maana naandika. Siku mji utakapokaa kuandika kanuni, wanasheria na wahandisi wa kati yetu wawe tayari na mambo ya kupima. Lori lipite saa ngapi? Pikipiki ibebe watu wangapi? Nani anakagua taa na breki, na kwa bei gani mmotari anayoiweza? Kituo cha kupakia kiwe wapi?

Tukinyamaza, kanuni itaandikwa na mtu anayeiona barabara akiwa ndani ya gari lililofungwa vioo. Huyo kukataza ni rahisi kwake, kwani jioni hatatafuta pikipiki ya kumrudisha nyumbani.