Batli ya kisima

Jirani yangu hapa Ikonge, kaunti ya Nyamira, amechimba visima kwa mikono tangu ujana wake. Hulipwa kwa futi, na ushahidi wake ni kamba ya katani aliyoipiga mafundo, kila fundo futi tatu. Jioni moja alinikuta barazani na kompyuta, nikijifunza kusoma vipimo vya kisima cha mafuta. Akaitazama ile mistari iliyojikunjakunja kutoka juu ya skrini hadi chini.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni kisima, Mzee."

Akainama tena, akasogeza uso karibu. "Kamba ilifika wapi?"

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikitafuta jina la Kiswahili la mistari ile, na swali lake ndilo lililonionyesha pa kulitafuta.

Kisima cha mafuta kikishatobolewa, vyombo vya kupimia hushushwa kwa kebo hadi chini, kisha huvutwa juu taratibu huku vikisoma mwamba. Mara nyingi kipimo hurekodiwa kila nusu futi, ndiyo sababu faili lililoandikwa kwa mita hupanda kwa hatua ya 0.1524. Kazi hii ilianza tarehe 5 Septemba 1927 huko Pechelbronn, Ufaransa, pale Henri Doll na wenzake, wakiwafanyia kazi ndugu Conrad na Marcel Schlumberger, waliposoma ukinzani wa umeme kisimani kituo baada ya kituo na kuuchora kwa mkono. Waingereza huita mchoro huo log, yaani gogo. Jina limetoka baharini. Mabaharia walikuwa wakitupa kipande cha ubao majini kikiwa kimefungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yanayowapita mkononi, wakajua mwendo wa chombo. Hesabu iliandikwa daftarini, na daftari nalo likarithi jina la gogo.

Wengi wetu husema "rekodi ya kisima" au "kumbukumbu za kisima". Rekodi ni pana mno: risiti ya saruji nayo ni rekodi ya kisima. Kumbukumbu zimeshachukuliwa na mikutano na marehemu. "Logi" ingepita kirahisi, ila mwanafunzi atagongana nayo siku ya kwanza, kwa sababu ukinzani huchorwa kwa skeli ya logi ya hisabati, aghalabu kuanzia 0.2 hadi 2,000. Logi juu ya logi!

Kumbe pwani yetu ina neno lake. Batli ni kile kipimo cha mwendo wa chombo, na ni daftari la safari vilevile. Kutia batlini ni kuandika katika daftari hilo. Neno limebeba kamba, kipimo na maandishi kwa pamoja. Ndivyo vitu vitatu alivyoviona mchimbaji wangu bila kuambiwa. Kwa hiyo nasema batli ya kisima, na batli zikiwa nyingi kila moja ina jina lake: batli ya gama, batli ya densiti, batli ya ukinzani.

Jina likishakaa, somo lenyewe hunyooka. Nilijifunzia data za Volve, eneo la mafuta la Norwei ambalo data zake zilifunguliwa na kampuni ya Equinor mwaka 2018 kwa wanafunzi na watafiti. Programu hupakia faili, nawe kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha thamani -999.25 haihesabiwi, kwani hiyo ni alama ya mahali ambapo hakuna kipimo. Kisha unaanza na gama. Mwamba wa matope kwa kawaida hutoa miale mingi ya gama na mchanga safi hutoa michache, ingawa mchanga wenye feldspa nyingi unaweza kukudanganya kwa potasiamu yake.

Densiti hukupa uwazi wa mwamba, yaani nafasi iliyo kati ya chembe. Chembe za mchanga wa kwatzi zina densiti ya 2.65, maji 1.0. Batli ikisoma 2.32, toa 2.32 kutoka 2.65, gawa kwa 1.65: uwazi ni asilimia 20. Nafasi hiyo imejaa nini? Hapo ndipo tunapomhitaji Gus Archie, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1942. Maji ya chumvi hupitisha umeme, mafuta huuzuia. Chukua ukinzani wa maji yenyewe, tuseme 0.1, ugawe kwa uwazi uliozidishwa kwa wenyewe, 0.04, kisha kwa ukinzani wa mwamba, tuseme 40. Unapata 0.0625, na kipeuo chake cha pili ni 0.25. Robo ya nafasi ni maji. Robo tatu ni mafuta au gesi. Lakini maji yakiwa matamu ukinzani hupanda wenyewe, na asiye mwangalifu atatangaza mafuta palipo na maji ya kunywa.

Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alipotangaza mafuta ya Ngamia-1 kule Turkana, kisima kilikuwa kimefika mita 1,041, na kampuni ya Tullow ikasema imekuta zaidi ya mita 20 za mwamba wenye mafuta. Nchi nzima ilishangilia. Mita hizo 20 huhesabiwa katika batli, nusu futi kwa nusu futi, kwa hesabu kama hii ya gama, densiti na ukinzani. Inaniuma kwamba hatukuwa na sentensi moja ya Kiswahili ya kumweleza mfugaji wa Lokichar, kulekule Turkana, jinsi zinavyohesabiwa, na ardhi ni yake.

Kesho yake Mzee alirudi na kamba. Nilifungua ukurasa mpya, naye akashika fundo la kwanza akaanza kunisomea kisima cha boma lake: udongo mwekundu hadi fundo la nne, kisha murramu, kisha jiwe lililooza linalovunjika kwa kidole, maji fundo la kumi na tatu. Niliandika kina upande wa kushoto, na juu ya ukurasa nikaandika: Batli ya kisima, Ikonge.