Jinsi ya kupata siku, mwezi na mwaka kwenye tarehe ndani ya Excel na Google Sheets

Kikoba kina orodha ndefu ya mikopo na tarehe zake. Mweka hazina anatakiwa aseme ni mikopo mingapi ilitolewa Desemba 2024. Kuhesabu kwa macho ni kazi, hivyo fomula za tarehe zinaokoa muda. Zikitumika vibaya, mkopo wa Desemba unaingia Septemba na kelele zinaanza kwenye kikao.

Fomula zenyewe

Tuseme kisanduku A2 kina tarehe 9 Desemba 2024. Kwenye kisanduku kingine andika:

=DAY(A2) upate 9
=MONTH(A2) upate 12
=YEAR(A2) upate 2024
=WEEKDAY(A2,2) upate 1, yaani Jumatatu

Ikigoma hiyo ya mwisho, weka nukta mkato (;) badala ya mkato. Baadhi ya simu na kompyuta zimepangwa hivyo.

Tarehe ni namba

Excel huhesabu siku kuanzia 1 Januari 1900. Kwake, 9 Desemba 2024 ni namba 45635 tu. Fomula husoma namba hiyo, siyo maandishi unayoyaona.

Mtego mkubwa

Ukiandika 9/12/2024, Mtanzania au Mkenya anasoma 9 Desemba. Programu iliyowekwa mpangilio wa Marekani inasoma 12 Septemba. MONTH italeta 9 na hakuna onyo lolote.

Ukiandika 25/12/2024, programu hiyo haioni mwezi wa 25, hivyo inaiacha kama maandishi na MONTH inaleta #VALUE!. Kosa hili lina nafuu, angalau linaonekana.

Kagua kwanza

Andika =ISNUMBER(A2). Ikija FALSE, hayo ni maandishi. Ikija TRUE, ni tarehe, ila bado hakikisha mwezi ni wenyewe kwa kuandika =TEXT(A2,"mmmm"), ambayo huleta jina la mwezi.

Tiba yake

Kwenye Google Sheets, tumia kompyuta: fungua Faili, kisha Mipangilio, uchague nchi inayotanguliza siku, mfano Uingereza. Excel hufuata mpangilio wa nchi uliopo kwenye kompyuta yenyewe. Fanya hivi kabla ya kuingiza data, maana tarehe iliyokwisha kusomwa vibaya haijirekebishi.

Kama tarehe imebaki maandishi na ina tarakimu zote, mfano 25/12/2024, igeuze hivi:

=DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2))

Angalia visanduku vitupu

Kisanduku kisicho na kitu, MONTH ya Google Sheets inakipa 12, na ya Excel inakipa 1. Mstari mtupu unaweza kuhesabiwa kama mkopo wa Desemba! Jikinge kwa kuandika:

=IF(A2="","",MONTH(A2))

Kuhesabu sasa

Miezi ikiwa safu ya B na miaka safu ya C, mikopo ya Desemba 2024 inahesabiwa hivi:

=COUNTIFS(B2:B50,12,C2:C50,2024)

Usiuache mwaka. Ukitafuta mwezi peke yake, Desemba ya 2023 na ya 2024 zinajumlishwa pamoja.