Kumfundisha mbwa kutulia na kuja anapoitwa

Mbwa wengi vijijini hulinda boma usiku na kuachwa huru mchana. Mchana ndipo matatizo hutokea. Anakimbiza bodaboda, anaingia kwenye mbuzi wa jirani, anawafuata watoto hadi barabarani. Mwenyewe anaita "njoo!" mpaka sauti inakauka, mbwa anageuza shingo, anamtazama, kisha anaendelea na safari yake. Mbwa wa namna hiyo mara nyingi huishia kugongwa, kupigwa rungu au kutegewa sumu, na majirani hubaki na ugomvi.

Katika makala haya tunaeleza amri mbili zinazoweza kuzuia mengi ya hayo: "njoo" na "tulia". Huhitaji vifaa vya dukani. Unahitaji dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, pamoja na subira.

Mbwa hujifunza vipi

Mbwa haelewi maelezo. Anachofanya ni kuunganisha sauti na kile kinachoifuata. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, alionyesha kuwa mbwa huanza kudondokwa na mate akisikia ishara aliyozoea kuisikia kabla ya chakula. Wa kwako naye ni hivyo hivyo: akisikia sufuria lake likigongwa, anakuja mbio bila kufundishwa na mtu.

Kwa hiyo zawadi ni lazima ije mara moja, ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kutii. Ukichelewa, atadhani anazawadiwa kwa jambo jingine, pengine kwa kukurukia. Tumia vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi: dagaa, ngozi ya kuku iliyopikwa, au ini lililochemshwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali, wala chakula chenye vitunguu, ambavyo ni sumu kwa mbwa. Mfundishe kabla hajala.

Chagueni maneno

Nyumba nzima ikubaliane. Baba akisema "njoo", mama "kuja hapa" na watoto wakipiga makofi, mbwa hatajua lipi ni lipi. Kumbuka pia kuwa neno "njoo" analisikia kutwa nzima watoto wakiitwa, kwa hiyo tanguliza jina lake: "Simba, njoo!" Mluzi ni mzuri zaidi shambani, kwani unafika mbali na haubadiliki hata ukiwa na hasira.

Neno "kaa" lina maana mbili kwetu, kuketi na kubaki. Ili usimchanganye, tumia "keti" kwa kuketi, na "tulia" kwa kubaki pale pale.

Kumfundisha "njoo"

Anzia ndani ya ua, pasipo kuku wala wageni. Simama hatua mbili au tatu kutoka kwake, chuchumaa, mwite mara moja tu. Akifika, mshike shingoni taratibu kwa mkono mmoja na umpe kipande kwa mkono mwingine. Kumshika ni sehemu ya somo, kwa sababu mbwa anayekuja halafu akakwepa mkono hajarudi bado.

Akiwa anakuja kila mara, ongeza umbali kidogo kidogo. Kisha toka nje ya ua ukiwa umemfunga kamba ndefu, ya mita nane hadi kumi, inayoburuta chini. Kamba si ya kumvuta kwa nguvu. Ni ya kumzuia asipate faida ya kukimbia. Asipokuja, usirudie kuita mara kumi. Geuka, kimbia kuelekea upande mwingine, naye atakufuata. Ukimkimbiza wewe, kwake huo ni mchezo.

Kuna kanuni mbili tunazoomba zisivunjwe. Ya kwanza, usimwite ili umpige. Hata kama amekula mayai ya jirani na amechelewa kurudi, akifika mpe kipande chake. Ukimchapa, atakumbuka kwamba amekuja akachapwa, na kesho hatakuja. Ya pili, usimwite kila mara ili umfunge mnyororo. Mwite, mpe, kisha mwachie aendelee kucheza. Fanya hivyo mara nyingi, na ile mara moja ya kumfunga haitamsumbua.

Kumfundisha "tulia"

Shika kipande cha chakula juu kidogo ya pua yake, ukisogeze nyuma kuelekea kichwani. Akiinua kichwa, makalio yatashuka. Sema "keti", mpe. Akishazoea, mwonyeshe kiganja, sema "tulia", subiri sekunde moja, mpe. Halafu sekunde tatu, tano, kumi.

Baadaye rudi nyuma hatua moja, kisha mrudie umpe chakula akiwa pale pale alipo. Siku za mwanzo usimwite kutoka kwenye "tulia", asije akajifunza kuwa kutulia ni kusubiri kuruka. Chagua neno la kumwachia, kwa mfano "haya!", ili ajue somo limekwisha.

Mambo matatu humpima mbwa: muda, umbali na vishawishi kama kuku au mbwa wengine. Ongeza kimoja kwa wakati mmoja. Akikosea mara mbili mfululizo, umeharakisha. Rudi hatua moja nyuma, kisha malizia na jambo analoliweza.

Siku ya chanjo

Faida kubwa ya mafunzo haya huonekana siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa usisambae. Mbwa asiyekuja akiitwa wala kutulia akishikwa hubaki bila chanjo, na boma lake hubaki hatarini. Muulize afisa mifugo wa kata yako chanjo itafanyika lini.

Kumbuka pia kuwa mbwa aliyefundishwa akibadilika ghafla, akawa mkali bila sababu, akadondokwa na mate mengi au akashindwa kumeza, hilo si suala la amri tena. Usimshike. Waweke watoto mbali na umwarifu afisa mifugo. Mtu akiumwa, oshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo huokoa.

Usimwondolee mbwa kamba kwa haraka. Mwite mara kumi uani kukiwa na kuku. Akija mara tisa au zaidi, mpeleke kando ya njia akiwa bado na kamba, uanze tena na hatua mbili tatu. Pale penye pikipiki, aendelee kuwa kwenye kamba mpaka uwe na uhakika naye.