Ini, Damu na Mahindi ya Ukambani

Mwaka 2004 msiba mkubwa ulizifika wilaya za Makueni na Kitui. Watu waliokula mahindi yaliyolimwa kwa jasho lao waliugua ini, macho yao yakageuka manjano, na wengi wakafa. Kufikia Julai 20, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa nchini Kenya, wengi wao wa wilaya hizo mbili, na 125 walikwisha kufariki. Muuaji alikuwa sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu ya nafaka.

Sumu hiyo haikuwa ngeni. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yenye kuvu. Na mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini, na 12 kati yao wakafa.

Je, ini likiharibika, damu hupatwa na nini? Mwaka 1882 Giulio Bizzozero wa Italia alieleza kazi ya chembe sahani, walinzi wadogo wa damu. Chembe hizo husafiri mwilini kana kwamba zimelala. Mshipa ukipasuka, hugusa nyuzi za kolajeni zilizofichwa ukutani mwake, nazo huamka: huacha umbo la sahani, huchomoza vijimkono, huitana na kushikamana. Kisha thrombini huziamsha zaidi, na hufanya nyuzi za kuimarisha kizibo. Lakini asili ya thrombini ni protini itengenezwayo na ini. Tena ini ndilo hasa liuagizalo uboho kuzaa chembe sahani. Kwa hiyo ini likishindwa, walinzi hupungua na mwamshaji wao hudhoofika. Hapo hata jeraha dogo laweza kutoa damu isiyokoma.

Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba waliougua aghalabu walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba, si ghalani. Katika sampuli zilizochukuliwa masokoni, asilimia 55 zilizidi kipimo cha sehemu 20 za sumu katika bilioni. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kupika hakuiondoi.

Basi ulinzi wa damu hauanzi hospitalini. Huanzia uwanjani, mahindi yanapoanikwa hadi yakauke barabara.